UZI: BoT haikuanzishwa ili iwe huru mbele ya Serikali. Tuanzie 1919 tujue ilikotoka

Mwanamizania (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila gavana mpya anapotangazwa humu huanza wimbo uleule kwamba BoT (Benki Kuu ya Tanzania) irudishiwe uhuru wake, kana kwamba enzi za Mwalimu ilikuwa nao ikaja kunyang'anywa. Mambo hayakwenda hivyo. Benki Kuu yetu ilianzishwa kwa sababu Serikali ilichoka kuwa na fedha isiyoweza kuigusa. Ule ukuta kati ya benki na Hazina tunaoulilia leo umeingia kwenye sheria 1995, karibu miaka 30 baada ya milango kufunguliwa, na ulijengwa kwa sababu nyingine kabisa. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma shukeni moja kwa moja kwenye michango.

Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki Desemba 1919, ofisi ikakaa London. Kabla yake Tanganyika ilikuwa na rupia za Mjerumani, na vita ilipomkaba alifikia hatua ya kupiga sarafu Tabora, ikiwemo ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo ya mwaka 1916 ambayo wakusanyaji wanaililia hadi leo. Kenya na Uganda walitumia rupia ya India. Bodi ikajaribu florini, haikudumu, shilingi ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni. Zanzibar, iliyokuwa na rupia yake, iliingia kwenye mfumo huo 1936.

Sasa sikilizeni jinsi Bodi ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kiini. Benki ya biashara ikikabidhi pauni London inapewa shilingi huku. Ikirudisha shilingi inapewa pauni. Imeisha hiyo. Bodi haikupanga riba, haikusimamia benki, haikuwa kimbilio la benki iliyoishiwa ukwasi (fedha taslimu), na haikukopesha serikali mpaka katikati ya miaka ya 1950 iliporuhusiwa kushika kiasi fulani cha dhamana za serikali za huku. Mkonge ukipata bei, fedha inajaa mtaani. Bei ikianguka, fedha inakauka, na hakuna ofisa yeyote Dar es Salaam mwenye uwezo wa kufanya lolote.

Ukitumia vipimo vya watu wa humu, hiyo ndiyo taasisi ya fedha iliyokuwa huru kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Hakuna mwanasiasa wa Tanganyika aliyeweza kuipigia simu. Lakini akiba yetu ililala London kwenye hati za serikali ya Uingereza huku nchi ikitafuta mikopo ya kujenga barabara. Ndiyo maana viongozi wetu hawakuipenda, na mimi siwalaumu.

1963 akaletwa Erwin Blumenthal, mtu wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, kuishauri Serikali. Huyu ndiye baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, alipelekwa kwenye benki kuu ya Zaire ya Mobutu, akatoka akaandika kwamba wanaoidai nchi ile wasahau fedha zao. Kwetu alikuja kipindi cha ndoto ya Shirikisho la Afrika Mashariki: Juni 1963 viongozi wa Tanganyika, Kenya na Uganda walikuwa wametangaza Nairobi kwamba wanaungana kabla ya mwaka kuisha. Pendekezo lake lilikuwa la ngazi mbili, kila nchi na benki yake na juu yake chombo cha pamoja. Shirikisho halikuja. Tarehe 10 Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi inaanzisha benki kuu yake na sarafu yake. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ikapitishwa Desemba mwaka huohuo, na tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu akaifungua. Uganda wakafuata Agosti, Kenya Septemba.

Gavana wa kwanza Edwin Mtei, miaka 33. Kenya walianza na mgeni, Leon Baranski, mzaliwa wa Poland. Sisi tulianza na mtu wa kwetu. Noti zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100, na dola moja ilikuwa shilingi 7.14. Ndiyo, saba.

Benki haikupata hata mwaka mmoja wa kupumua. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na kesho yake benki za biashara zikataifishwa, zikamezwa na NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Gavana aliyeajiriwa kusimamia soko la benki akajikuta karibu benki yote nchini ni moja, na mwenye benki hiyo ndiye mwenye Serikali, ndiye aliyemteua yeye. Kuanzia miaka ya 1970 kukawa na mpango wa mwaka wa fedha na mikopo: kiasi gani kiende kwenye mazao, kiasi gani viwandani. Na mpango wa fedha za kigeni, nani apate dola na nani asubiri. Riba ilibaki kuwa namba ya kwenye karatasi.

Kuna kitu kimoja lazima niwape waasisi haki yao. Novemba 1967 Uingereza ilipoishusha thamani pauni, Tanzania haikufuata, na wenzetu wawili pia hawakufuata. Ingekuwa bado ni Bodi ya Sarafu, shilingi ingeporomoka na pauni bila sisi kuulizwa. Hiyo ndiyo faida waliyoitafuta, na waliipata ndani ya miezi 17.

Baada ya hapo mnajua: ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita ya Kagera 1978 hadi 1979. Mamlaka za mazao zilikuwa zinakopa NBC kununua mazao, zinapata hasara, zinakopa tena, na Benki Kuu ndiyo inaziba nyuma. 1978 sheria ikarekebishwa ili benki ipewe kazi za maendeleo moja kwa moja, na mifuko maalum ya vijijini na viwandani. Mfumuko wa bei ukazoea kukaa karibu na asilimia 30 kwa miaka mingi ya 1980.

Mtei aliondoka BoT 1974, akaenda ukatibu mkuu wa Jumuiya, akarudi kuwa Waziri wa Fedha 1977. Alipotofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) mwaka 1979, alijiuzulu. Fikirini hilo: aliyeondoka kwa ajili ya thamani ya shilingi alikuwa waziri. Gavana hakuwa na kiti kwenye ugomvi huo.

1986 Rais Mwinyi akakubaliana na IMF, dola ikapanda ghafla kutoka takriban shilingi 17 hadi 40 na kuendelea. Ikaundwa Tume ya Nyirabu, aliyekuwa gavana kwa miaka 15, ikachunguza mfumo mzima wa benki. Matunda yake ni sheria ya mabenki ya 1991, benki binafsi kurudi kuanzia 1993, na Sheria ya BoT ya 1995 iliyoipa benki kazi moja ya kwanza: utulivu wa bei. Mwaka huo mfumuko ulikuwa bado juu ya asilimia 25. Kufikia 1999 ulikuwa chini ya asilimia 10.

Hoja yangu basi ni hii. Uhuru wa BoT hatujarithi, tumeununua, na bei yake ni miaka na miaka ya foleni ya sukari na mishahara iliyoyeyuka. Anayetaka kuutetea asimame kwenye 1995. Akisimama kwenye 1966 hatakuta kitu.

Karibuni.

Kirobo

Nimesoma yote. Nimeweka alama nitarudi.

Jicho Kavu

Mleta mada umeandika vizuri lakini umeishia pale unapotaka wewe. Uhuru wa 1995 ukatupa nini? Ukatupa EPA, ile akaunti ya malimbikizo ya madeni ya nje. Mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zikatoka kwenye akaunti ya BoT kwenda kwa makampuni 22, ukaguzi ukaja kukuta nyaraka za kughushi. Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Ballali, na Mei mwaka huohuo akafariki Marekani. Hii ilikuwa benki yenye sheria mpya, lengo moja, gavana aliyetoka IMF, kila kitu kilichotakiwa na wataalamu wako.

Kwa hiyo ukuta unamzuia nani hasa? Mimi naona ulimzuia mwananchi kuchungulia ndani, lakini wenye funguo waliingia.

Mwanamizania

Jicho Kavu, hoja nzito, na nafurahi umeitaja EPA kwa sababu inarudi kulekule kwenye historia. Ile akaunti haikuzaliwa na uhuru wa 1995. Ilizaliwa na mfumo wa kugawa dola. Mfanyabiashara wa miaka ya 1970 aliagiza mali nje, akalipa shilingi zake NBC, lakini dola za kumlipa muuzaji hazikuwepo. Deni likabaki kwenye vitabu. 1985 mzigo wote ukahamishwa kutoka NBC kwenda BoT. Miaka 20 baadaye ndiyo hayo makaratasi ya zamani yanafufuliwa na watu wanaodai wamenunua madeni.

Benki kuu yenye kazi chache isingekuwa na akaunti ya namna ile. Tuliigeuza BoT kuwa ghala la matatizo ya Serikali, halafu tukashangaa panya wameingia.

Jicho Kavu

Sawa, asili yake ni ya zamani. Lakini aliyesaini malipo hakuwa wa zamani. Sheria ilimpa gavana nafasi ya kusema hapana, na hapana haikusikika. Na sio mara moja. Akaunti ya Escrow ya Tegeta, iliyoshika fedha za mgogoro wa malipo ya umeme, ilikuwa BoT pia, zaidi ya bilioni 300 zikatoka mwishoni mwa 2013, Bunge likawaka moto Novemba 2014. Hapo hakuna deni la miaka ya 1970 la kusingizia.

Faili la Kijani

Vijana, shikamooni za mtandaoni hazinoghi ila nimezipokea. Mimi miaka ya 1980 nilikuwa karani wa ununuzi kwenye shirika moja la umma. Mnaposema "mpango wa fedha za kigeni" mnadhani ni jambo la kitabuni. Ilikuwa hivi: unajaza fomu za kuomba kibali cha kuagiza vipuri, fomu zinakwenda, zinakaa. Meneja anasafiri kwenda Dar kuzifuatilia. Unaambiwa mgao wa robo hii umeisha. Mashine imesimama, wafanyakazi wanakaa chini ya mwembe wanalipwa mishahara kamili, na mishahara hiyo inatoka kwenye ovadrafti ya NBC.

Sasa mtu akiniuliza mfumuko wa bei ulitoka wapi, namwambia ulitoka pale chini ya mwembe. Shilingi zilikuwa zinatoka, mali haitoki. Hatukuhitaji mchumi kutueleza.

Na niseme kitu ambacho hakitawapendeza. Watu wa BoT tuliokutana nao walikuwa wasomi kweli, waadilifu, wenye heshima. Walijua. Ila kujua sio kazi ya mtu ambaye orodha ya vipaumbele anaandikiwa.

Kirobo

Mzee Faili la Kijani shikamoo. "Kujua sio kazi ya mtu ambaye orodha anaandikiwa." Naomba niibe hiyo.

Bi Karafuu

Mleta mada umetutaja Wazanzibari mara moja, mwaka 1936, ukatuacha baharini. Ngoja niwasaidie.

Sarafu na benki hazikuwemo kwenye mambo 11 ya Muungano ya mwaka 1964. Ziliongezwa Juni 1965, wakati huohuo inatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake. Zanzibar ilikuwa mwanachama wa Bodi ya Sarafu kama walivyokuwa wengine. Bodi ilipovunjwa mali zake ziligawiwa. Mgao wetu ulikwenda wapi? Madai ya huku, ya miaka na miaka, ni kuwa uliingia katika mtaji wa BoT, na kwa hivyo Zanzibar ni mwenye hisa, si mgeni wa kupewa sadaka. Tunachopewa ni asilimia 4.5 ya gawio, kiwango kilichoanza miaka ya 1990 kama cha muda.

Na Mzee Karume hakuwa mjinga. Enzi zake fedha za kigeni za karafuu zilikaa nje kwa jina la Zanzibar, hazikukabidhiwa BoT. Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ilianza 1966 na haikumezwa na NBC. Kwa hivyo mnapozungumza uhuru wa Benki Kuu mbele ya Hazina, huku Unguja na Pemba suali la kwanza ni jengine: Benki Kuu ya nani?

Mtasema kwenye Bodi ya Wakurugenzi yumo Katibu Mkuu wa Fedha wa SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar). Yumo, na sheria inataka gavana akitoka upande mmoja basi naibu mmojawapo atoke upande wa pili. Ahsanteni. Lakini kuwemo kwenye chumba na kumiliki nyumba ni mambo mawili.

Jicho Kavu

Bi Karafuu hapo umeleta kitu ambacho sisi wa bara tunakikwepa. Ila ungefafanua: mnataka hisa ndani ya BoT, au mnataka benki kuu yenu?

Bi Karafuu

Wapo wa hili na wapo wa lile. Wa benki yetu wenyewe nawauliza, karafuu zikikosa bei nani atailinda hiyo sarafu? Mimi ni wa hisa. Mwenye hisa anasomewa mahesabu kwa haki yake, haombi.

Mjukuu wa Mkonge

Tunaongea mambo ya wazee wakati mwaka 2016 tumeyaona kwa macho. Mashirika ya umma yaliamriwa yatoe fedha zao kwenye benki za biashara yahamishie BoT. Ukwasi ukakata mtaani, mikopo ikawa adimu. Oktoba 2016 BoT ikachukua usimamizi wa Twiga Bancorp, Mei 2017 ikafuta leseni ya FBME, Januari 2018 ikafunga benki tano ndogo kwa mpigo. Na Novemba 2018 Arusha maduka ya kubadilishia fedha yalivamiwa kwa operesheni yenye askari. Halafu mtu anasema uhuru wa 1995 upo.

Mwanamizania

Mjukuu, umechanganya vitu vitatu kwenye kikapu kimoja, nivitenganishe.

Kufunga benki zenye mtaji pungufu ni kazi halali ya msimamizi. Ukitaka kuona benki kuu dhaifu tafuta ile inayoziacha zikiendelea kupokea amana za watu huku ikijua. 1995 benki ya Meridien BIAO ilipoyumba, BoT iliingia, ikaishia mikononi mwa Stanbic. Hakuna siasa hapo.

Kuhamisha fedha za umma ni uamuzi wa Serikali kuhusu fedha za Serikali. Unaweza kuupinga, na mimi niliona umefanywa kwa haraka mno, lakini mteja anayo haki ya kuhamisha akaunti yake. Kilichotakiwa kwa BoT ni kulegeza upande mwingine ili ukwasi usikatike, na hilo ililifanya kidogokidogo, ikapunguza riba yake ya kukopesha mabenki na kiwango cha amana yanachotakiwa kuweka kwake.

La Arusha ndilo linaloniudhi. Benki kuu inakagua kwa wakaguzi na inafuta leseni kwa barua. Ikifika mahali inasindikizwa na askari wenye silaha kwenda kuhesabu dola, aliyeamua sio mkurugenzi wa usimamizi wa mabenki. Hapo sitaitetea hoja ya ukuta.

Mswahili wa Likoni

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimepita tu nikaona nichangie kutoka upande huu.

Nyinyi mnasoma sheria, sisi tumeliweka kwenye Katiba. Ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 yasema Benki Kuu ya Kenya haitakuwa chini ya maelekezo wala udhibiti wa mtu yeyote au mamlaka yoyote. Gavana hupitia usaili wa wazi, kisha jina lake laenda Bunge la Taifa kuidhinishwa. Tulifika huko kwa sababu ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pesa zilitoka benki kuu kulipia dhahabu isiyokuwepo, bei za vitu zikaruka, na aliyeumia ni mwananchi. Kwa hivyo Jicho Kavu asidhani EPA ni ugonjwa wa Tanzania peke yenu.

Lakini msituonee gere sana. 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha riba za mabenki, gavana akipinga waziwazi. Mabenki yakaacha kukopesha wafanyabiashara wadogo, yakakimbilia hati za serikali. Ilifutwa 2019. Katiba ilikuwa palepale, ibara ya 231 haikuguswa hata nukta. Waliipita kwa mlango wa pembeni.

Kirobo

Na Uganda je? Maana nao katiba yao inasema hivyohivyo.

Mswahili wa Likoni

Uganda ni kisa cha peke yake. Gavana wao wa kwanza, Joseph Mubiru, aliuawa 1972 chini ya Amin, akiwa ameshaacha kazi. Katiba ya 1995 ikaja na ulinzi kwenye maandishi. 2011 dola kama milioni 740 zikatoka kwenye akiba ya taifa kununua ndege za kivita. Na gavana Tumusiime-Mutebile alipofariki Januari 2022 kiti kilikaa wazi, naibu akikaimu, hadi 2025. Mtu anayekaimu miaka mitatu atamwambia nani hapana?

Mwanamizania

Huyo ndugu wa Likoni ametaja kitu nilichokuwa nakitafuta: mlango wa pembeni. Wakuu, twende kwenye milango, tuache kubishana kama BoT "ni huru" au "sio huru", maana tutakesha.

Mlango wa kwanza ni mkopo wa moja kwa moja. Serikali ina ovadrafti BoT. Sheria ya 2006 ilipotungwa iliweka ukomo wa sehemu moja ya nane ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Hiki ndicho kifungu chenye meno kuliko vyote, na humu sijawahi kuona mtu amekitaja. Maneno ya "itafanya kazi bila kuingiliwa" ni matamu, ila namba inapimika. Bunge likitaka kujua kama Serikali inajichapia fedha, lisome mizania ya BoT ya mwezi, mstari wa madai kwa Serikali. Kila mmoja wenu anaweza kuusoma, upo kwenye tovuti yao.

Mlango wa pili ni kazi za pembeni: akaunti za madeni ya kale, amana za migogoro, mifuko ya dhamana. EPA na Escrow zote zilipitia hapa, hazikupitia kwenye ovadrafti. Ndiyo maana mfumuko wa bei haukulipuka 2006 wala 2014 ingawa fedha ziliibwa. Jicho Kavu, hili ndilo jibu langu kwako: ukuta wa 1995 ulijengwa kuzuia Hazina isichape fedha, na kwa hilo umefanya kazi. Haukujengwa kuzuia wizi. Kwa wizi unahitaji mkaguzi na Bunge, na huko ndiko kulikuwa wazi.

Mlango wa tatu ni uteuzi, na hapa nakubaliana na wanaonung'unika.

Faili la Kijani

Kwenye uteuzi usiwe na haraka kijana. Tumewahi kuwa na kila aina. Ballali alitoka IMF, Ndulu alitoka Benki ya Dunia, Luoga ni profesa wa sheria alitangazwa na Rais Magufuli Oktoba 2017 mbele ya hadhara Ikulu, Tutuba alitoka Ukatibu Mkuu wa Hazina Januari 2023. Ukitazama mfumuko wa bei tangu Ndulu amalize hadi leo, upo chini na umetulia, aliyetoka chuo kikuu na aliyetoka Hazina wote wameushika. Asili ya mtu haijatuambia kitu.

Mwanamizania

Mzee wangu, asili ya mtu sina tatizo nayo. Tatizo langu ni njia. Katibu Mkuu wa Hazina ni mjumbe wa Bodi ya BoT kwa cheo chake; anayeomba fedha anakaa mezani na anayetoa. Akihamia kiti cha gavana, hakuna chombo chochote kinachomsaili hadharani: siku Hazina ikikujia na maombi nje ya ukomo, utafanya nini? Kenya wanamuuliza swali hilo mbele ya kamera. Jibu linaweza kuwa la uongo, lakini limerekodiwa.

Na wakati wa kuuliza ni sasa, kwa sababu kazi imebadilika. Zamani BoT ilikuwa inalenga ujazi wa fedha, kitu ambacho hata mwandishi wa habari za uchumi alikiona kigumu kufuatilia. Tangu Januari 2024 inatangaza Riba ya Benki Kuu kila robo: ilianza asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Sasa kila uamuzi una tarehe na una namba. Rais, waziri, mwenye kiwanda, mkopaji wa bodaboda, wote wanajua lini wakasirike. Gavana wa zamani alijificha nyuma ya jedwali, wa sasa hana pa kujificha.

Mjukuu wa Mkonge

Hapo sasa. Riba ikipandishwa mwaka wa uchaguzi ndipo tutajua.

Faili la Kijani

Mwaka wa uchaguzi 2025 umepita, na ulivyosema mwenzako, ilishushwa Julai.

Mjukuu wa Mkonge

Mzee umeisema wewe, sio mimi.

Mwanamizania

Jamani. Mfumuko ulikuwa kidogo juu ya asilimia 3, lengo lao ni kati ya 3 na 5, na shilingi ilikuwa imeanza kupata nguvu. Kwa namba hizo hata benki kuu ya malaika ingeshusha. Kipimo cha kweli ni siku namba zitakapodai riba ipande na siasa zikadai ishuke. Siku hiyo haijafika tangu mfumo huu uanze, kwa hiyo hakuna anayeweza kujigamba, si wewe wala mimi.

Bi Karafuu

Na siku hiyo ikifika, Kamati ya Sera ya Fedha ikikaa, mtuambie kura zilikwendaje. Taarifa yao husema tu "Kamati imeamua". Kule Uingereza hutajwa nani alipinga na nani aliunga mkono, kwa majina. Mimi hilo lingenitosha kuliko ibara ya Katiba.

Jicho Kavu

Naunga mkono hoja ya Bi Karafuu. Na iwe ni pamoja na barua zote kati ya Hazina na Gavana zinazohusu ovadrafti, zitoke hadharani baada ya miaka kadhaa, sema mitano. Mwanamizania, hiyo unaiweka kwenye mlango namba ngapi?

Mwanamizania

Wa kwanza. Ila sema miaka miwili, mitano waziri na gavana wote wameshaondoka.